Kuhusu hiyo Sura ya Pili

Mbezi, Jumapili usiku

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana. Huku sote wazima, watoto wamefunga shule na nyumba haina utulivu. Natumaini shemeji hajambo, na mguu wa mama unaendelea vizuri.

Nisizunguke. Zawadi alipita hapa jana, akaniambia chuo kimekuandikia tena kuhusu tasnifu, na kwamba maoni ya msimamizi juu ya Sura ya Pili yamo kwenye barua pepe yako tangu kabla ya Ramadhani, hujayafungua. Akasema pia dada yako anakuita mvivu mbele za watu. Hilo ndilo lililonikalisha niandike. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto, akafundisha kutwa nzima, akarudi na rundo la madaftari ya kusahihisha, uvivu wake uko wapi? Wewe unaogopa, Rehema. Na hofu ina dawa yake.

Ndiyo maana kuambiwa "liwezekanalo leo lisingoje kesho" hakukusaidii. Maneno hayo humwamsha aliyelala. Anayeogopa humwongezea aibu, na aibu inampa sababu nyingine ya kutolifungua faili.

Wanasaikolojia wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba mtu hupiga kalenda, yaani huahirisha kazi, ili autulize moyo wake kwa muda mfupi. Angalia inavyokwenda. Unawasha kompyuta, unaliona jina la msimamizi, tumbo linakaza. Unaifunga, unakwenda kufua sare za watoto. Papo hapo unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayokuponza, kwa sababu akili imeshajifunza kwamba kufunga faili huondoa maumivu. Kesho itakusukuma ulifunge mapema zaidi. Na kwa kuwa hujayaona yaliyomo, hakuna cha kuikanusha hofu, inazidi kukua. Ni kama mwenye deni dukani anayepitia njia ya nyuma: kila akimkwepa mwenye duka anapumua, lakini siku ya kukutana naye inazidi kutisha.

Kwa hiyo usingoje ujasiri uje kwanza. Huja baadaye, ukishafungua ukakuta hujafa.

Anza kwa kuitaja hofu yenyewe kwenye karatasi, sentensi kamili: "Nikilifungua faili, naogopa kwamba..." Malizia bila kupamba. Wanaoandika tasnifu mara nyingi huogopa mambo matatu. Kuna hofu ya kuambiwa huna uwezo. Kuna hofu ya kumaliza, maana ukimaliza watu watakutazamia makubwa. Na kuna hofu ya kimya, yaani aibu ya kutomjibu msimamizi muda wote huu. Hii ya tatu imezaliwa na kuahirisha kwenyewe, nayo ndiyo nyepesi kuivunja, kwa hiyo anza nayo hata kabla ya kusoma maoni. Mwandikie hivi tu:

"Shikamoo Dokta. Naomba radhi kwa kimya changu. Maoni yako ya Sura ya Pili nimeyapokea, na wiki hii naanza kuyafanyia kazi. Ijumaa ijayo nitakuletea sehemu ya 2.1 na 2.2 zilizorekebishwa."

Usiongeze. Wengi huharibu hapa kwa namna mbili: wanaandika maelezo marefu ya kujitetea, na barua yenyewe inageuka kazi nyingine ya kuahirishwa, au wanaahidi sura nzima, wakishindwa wanatoweka tena. Ahidi kidogo unachoweza kukifikisha.

Kisha maoni. Siku ya kwanza yasome tu, usirekebishe kitu. Yachapishe kama unaweza, maana karatasini hutishiki sana kama kwenye skrini. Pembeni ya kila oni weka alama: R kwa marekebisho madogo (koma, mwaka wa rejeo, jina lililokosewa), S kwa yale usiyoyaelewa na unayotaka kumuuliza, Z kwa mazito. Mara nyingi R huwa nyingi kuliko ulivyodhani. Siku ya pili fanya R chache ili mkono uzoee, halafu ingia kwenye Z moja. Usikae kwenye R wiki nzima. Ukijikuta unapanga upya yaliyomo, unabadilisha ukubwa wa herufi au unapakua makala mpya ambazo hakuna aliyeziomba, jua hofu imevaa nguo za kazi.

Saa nayo ipange waziwazi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha miaka ya 1990 kwamba anayepanga lini, wapi na vipi hutekeleza zaidi ya anayesema tu "nitafanya". Kwa hiyo usiseme "wiki hii nitaandika". Sema: "Saa tatu usiku, watoto wakishalala, nitakaa meza ya kulia, nitafungua faili, nitaandika sentensi moja chini ya 2.3." Simu iache chumbani. Weka kengele ya dakika 25, na kama hizo zinakutisha, anza na 10. Ikilia, andika mstari mmoja wa unachoanza nacho kesho, kisha funga. Mstari huo ni muhimu kuliko unavyoonekana: kesho hutakaa mbele ya ukurasa ukijiuliza uanzie wapi, na hapo ndipo wengi hukimbia.

Kuhusu tarehe, usijiamini sana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu walikadiria wastani wa siku 34 hivi, zikawachukua zaidi ya 55. Kila makadirio yako ongeza nusu yake, na bado acha nafasi.

Utakosa siku, hilo lipo. Ukikosa, usijiadhibu kwa kuahidi saa sita za kesho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, uliochapishwa mwaka 2010, uliona kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kuelekea wa pili. Mwambie na dada yako, au niache nimwambie mimi. Neno lile "mvivu" linaniuma kwa niaba yako.

Jambo moja zaidi: kama hulali, huli, na hata vipindi ulivyokuwa unavipenda havikuvutii, hapo mambo yamevuka tasnifu. Nenda ukamwone daktari, usiongezee hilo kwenye ya kuahirisha.

Sasa nijibu. Barua ya chuo imeweka tarehe ya mwisho, au ni onyo tu? Kinachokubana zaidi ni maoni au ni kile kimya? Msimamizi ni yuleyule wa mwanzo? Shemeji anaweza kuwashika watoto hiyo nusu saa ya saa tatu? Je, ungependa nikupigie Jumanne, tukae wote kwenye simu bila kusema neno wakati unafungua faili? Mimi nitakuwa na kazi yangu, wewe na yako. Na Mama Neema, amepata kile kiwanja?

Rafiki yako,
Mwanaidi