Kukaza plagi si kazi ya nguvu

Mhariri,

Kubadilisha plagi za gari nyumbani kunawezekana, ila wengi huharibu wakati wa kukaza. Silinda hedi (kichwa cha injini, plagi inapofungwa) nyingi za sasa ni za aluminiamu. Plagi ikiingia upande, thredi (mikato ya skrubu) zinakatika, na kuzitengeneza ni ghali kuliko plagi zenyewe.

Injini ipoe kabisa. Fungua koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) moja moja ili waya zisichanganyike, kisha pulizia shimo upepo kabla ya kulegeza plagi, maana mchanga ukidondoka ndani unakwaruza silinda. Plagi mpya ichomeke kwenye kipande cha bomba la mpira la mafuta, uizungushe kwa vidole. Ikigoma, irudishe nyuma uanze upya. Ikishakaa, yenye washa (pete ya kuzibia) mpya huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Isiyo na washa, takriban 1/16 ya mzunguko tu. Mwenye spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) afuate kipimo cha kitabu cha gari.

Na hii tabia ya kupaka grisi kwenye thredi iachwe: plagi inateleza, unakaza kupita kiasi bila kujua. Plagi zenye ncha ya metali ya iridiamu nazo msizigonge kurekebisha pengo la cheche. Ncha yake ni nyembamba, huvunjika.

Fundi, msomaji wenu