Ripoti za wanafunzi wa uhandisi: tunapima pambizo, tunaacha majedwali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo muda mrefu, na ambalo wiki mbili zilizopita lilinishinda kulinyamazia.

Mimi ni mhandisi wa maabara ya vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ya kila siku ni kuvunja michemraba ya zege, kuvuta nondo hadi zikatike, kuchekecha kokoto, kisha kuandika kilichoonekana. Huu ni mwaka wangu wa 22. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kila anayepita mikononi mwangu namsomea ripoti yake kabla hajaipeleka chuoni. Lakini mwanafunzi mmoja wa safari hii alimaliza nikiwa safarini, akaipeleka yake bila mimi kuiona.

Alirudi maabara machozi yakimlengalenga. Binti wa mwaka wa tatu, mchapakazi, hajawahi kuchelewa hata siku moja. Ripoti yake ya kurasa 48 ilikuwa imekataliwa, na sababu iliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza: pambizo ya kushoto ni milimita 35, mwongozo unataka 40. Achape upya zote.

Nilivuta kiti tukaipitia pamoja. Tulipofika Jedwali la 4 nikasimama. Hapo ndipo palikuwa na matokeo ya wiki nane za kazi yake. Safu moja ilikuwa na kichwa “Mzigo (KN)”. Iliyofuata ilikuwa na kichwa “Nguvu”, basi, bila kizio chochote, na thamani ya kwanza chini yake ilikuwa 24.9778. Kalamu nyekundu haikugusa hapo.

Naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwenye hiyo namba, maana hoja yangu yote imo humo. Mchemraba wenye milimita 150 kila upande una uso wa milimita za mraba 22,500. Mashine ilionyesha kilonewtoni 562, yaani newtoni 562,000, zege lilipopasuka. Ukigawanya, kikokotoo kinakupa 24.9777 na saba zisizoisha. Lakini upande wa mchemraba ule ulipimwa kwa rula ya chuma yenye alama za milimita. Milimita moja tu ikizidi kwenye upande mmoja, eneo linaongezeka kwa milimita za mraba 150 na jibu linashuka kwa karibu 0.17. Maana yake hata tarakimu ya kwanza baada ya nukta ina shaka. Zile tatu zilizoifuata hakuna aliyezipima, zimetoka kwenye kikokotoo. Jibu analoweza kulisimamia mbele ya mtu ni megapaskali 25.0 (megapaskali moja ni newtoni moja kwa kila milimita ya mraba).

Na ile “KN”? K kubwa ni alama ya kelvini, kizio cha joto. Kilo ni k ndogo. Mtu atasema mbona kila mtu anaelewa. Kwenye kilonewtoni huenda wataelewa, lakini tabia hiyo hiyo ikihamia kwenye paskali, m ndogo ni mili na M kubwa ni mega, na kati ya mPa na MPa kuna tofauti ya mara bilioni moja. Mwanafunzi aliyezoea kwamba ukubwa wa herufi si kitu hataliona kosa hilo hata likiwa mbele ya macho yake.

Nilipomweleza haya aliniambia, “Mhandisi, haya yote hayamo kwenye mwongozo.” Akaufungua tukausoma. Jalada na nembo vimepewa ukurasa mmoja na nusu: rangi, umbali wa nembo kutoka juu, ukubwa wa herufi za jina. Vizio vimepewa mstari mmoja: “Tumia vizio sahihi.”

Nisieleweke vibaya. Sizipingi kanuni za mpangilio, nazipenda. Tuna rafu za ripoti zilizofungwa kabla sijaajiriwa, na kuna ambazo herufi za mwanzo za kila mstari zimemezwa na mshono, ukitaka kusoma lazima uvunje mgongo wa kitabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, na ufungaji unakula sehemu yake, kwa hiyo pambizo pana ya kushoto ina kazi. Nafasi ya mstari mmoja na nusu ina kazi pia, ni pa msimamizi kuandika. Kurasa za mwanzo hupewa namba za Kirumi kwa sababu yaliyomo na orodha ya majedwali huandikwa mwisho, na zikiongezeka kurasa mbili hazitavuruga ukurasa wa 1 wa utangulizi. Kichwa cha jedwali hukaa juu kwa kuwa jedwali husomwa kuanzia juu kushuka, maelezo ya kielelezo hukaa chini kwa kuwa jicho hukimbilia picha kwanza. Binti huyu ana akili nzuri na hakuwa akijua sababu ya hata moja kati ya hizo. Alifundishwa kutii tu, na anayetii bila kujua sababu huchanganya lililo kubwa na lililo dogo. Nasikitika kwamba hata wasahihishaji wengine wamefika huko.

Haya siyasemi kwa kusimuliwa. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika ripoti ya zege la nguzo za jengo moja. Zege lilitakiwa kufika megapaskali 25 likiwa na siku 28. Tulivunja michemraba mitatu ya zege hilo hilo ikiwa na siku 7 ili kuona mwenendo, tukapata 17.6, 18.1 na 17.9. Ni matokeo mazuri kwa umri huo, zege la kawaida likiwa na siku 7 huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28. Nikaandika jedwali safi, mistari imenyooka, kichwa cha safu “Nguvu (MPa)”. Umri wa michemraba niliutaja, ndiyo, lakini ndani ya aya, ukurasa wa 9. Nakala ilipofika kwenye mradi, msimamizi wa ujenzi akafungua jedwali, akaona 18 mahali alipotarajia 25, akaamuru nguzo mbili zibomolewe. Mafundi walizipiga nyundo siku mbili. Michemraba iliyobaki ilipotimiza siku 28 tukaivunja: 26.8, 27.3, 26.5. Nguzo hazikuwa na kosa lolote.

Nilikwenda kumwona yule msimamizi nikiwa na ripoti mkononi, nimeufungua ukurasa wa 9. Hakunifokea. Aliniambia, “Kijana, mimi niko juu ya kiunzi, nasoma jedwali.” Tangu siku hiyo kila jedwali la zege linalotoka kwangu lina safu yenye kichwa “Umri (siku)”, hata kama michemraba yote ina umri mmoja. Ingenichukua sekunde kumi kuiandika. Ripoti ile, nakumbuka, ilisifiwa ofisini kwetu kwa kupendeza macho.

Wanaodhani mpangilio ni urembo waangalie pia yaliyoandikwa kuhusu chombo cha anga cha Marekani, Columbia. Januari 2003, kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha kwa wakuu wao uchambuzi wa kipande cha povu kilichogonga bawa wakati wa kuruka. Katika slaidi mojawapo kichwa cha juu kilitoa matumaini. Chini yake kulipangwa vitone ndani ya vitone, na mstari wa mwisho kabisa ndio uliokuwa na jambo lenyewe: kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio waliyoyategemea yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Mara 640! Na inchi hizo za ujazo ziliandikwa kwa namna tatu tofauti katika slaidi moja. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani, wote 7 waliokuwamo wakafa. Chanzo kilikuwa povu na bawa lililotoboka, wala sisemi slaidi ndiyo iliyoua. Lakini tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti 2003, iliona umuhimu wa kuizungumzia slaidi hiyo, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi mkuu angeweza kuisoma asitambue kwamba maisha ya watu yamo hatarini.

Nikirudi kwa wanafunzi wetu, kuna mambo mengine matatu ninayokutana nayo karibu kila ripoti, na ambayo sijaona yakikatiwa alama.

Grafu inabandikwa jinsi ilivyotoka kwenye Ekseli, pembeni kuna kisanduku kimeandikwa “Series1”, jina ambalo programu huliweka yenyewe. Mihimili ya grafu, wa mlalo na wa wima, haina majina. Mistari mitatu imetofautishwa kwa rangi tu, na ripoti ikitolewa fotokopi yote inakuwa ya kijivu, hujui zege lenye kokoto za mto ni lipi na lenye kokoto za kusaga ni lipi. Tumia mduara, pembetatu na mraba, zitabaki hata kwenye nakala ya kumi.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa ripoti, nayo inaanza “Ripoti hii inahusu…” na kuisha bila namba hata moja. Anayesoma ikisiri mara nyingi hatasoma kitu kingine. Mpe jibu hapo hapo: ulipima nini, mara ngapi, ukapata ngapi.

Linaloniuma zaidi ni maneno “makosa ya kibinadamu”. Matokeo yakitofautiana na yaliyotarajiwa, sehemu ya mjadala inasema tofauti ilisababishwa na makosa ya kibinadamu, na mwanafunzi anahamia sura nyingine. Kosa gani? La nani? Mchemraba unatakiwa kukandamizwa kwa kasi ya karibu megapaskali 0.6 kwa sekunde. Ukiukimbiza, unaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyo nayo. Kama uliukimbiza, sema. Kama sindano ya saa ya mashine uliisoma ukiwa umesimama upande, sema. Kama michemraba ilitolewa kwenye maji jana yake ikakauka, andika ilitolewa saa ngapi. Hapa naona kanuni ya kukataza “mimi” na “sisi” inawadhuru vijana. Wameambiwa ripoti ya kiufundi haina mtu ndani, wakaishia kuandika “ilionekana kwamba kosa lilitokea”, kama vile kosa lilijileta lenyewe. Kwa maoni yangu “nilisoma sindano nikiwa upande wa kushoto” ni sentensi ya kihandisi kamili, na siku moja itamsaidia mtu atakayerudia jaribio lile.

Ninachowaomba wakuu wa idara za uhandisi si kikubwa. Gawanyeni alama upya. Kosa linaloudhi jicho likatwe alama chache na lirekebishwe kwa kalamu, ripoti isirudishwe. Kosa linaloweza kumpotosha atakayetumia namba, kama kizio kukosekana, mihimili isiyo na majina au umri wa sampuli kufichwa kwenye aya, hilo ndilo lirudishe ripoti. Mwongozo uwe mmoja kwa idara yote. Nimemwona mwanafunzi ambaye mhadhiri mmoja alimtaka aonyeshe vyanzo kwa jina na mwaka, mwingine akataka namba ndani ya mabano ya mraba, naye akaweka vyote viwili katika sura moja kwa kuogopa. Na kila kanuni iandikwe na sababu yake, hata kama ni sentensi moja. Haya yaanze kwenye ripoti ya kwanza ya maabara, mwaka wa kwanza. Yasingoje mradi wa mwisho, wakati kijana amekwisha zoea vibaya kwa miaka mitatu.

Wasimamizi wenzangu huku kazini, na sisi tuna deni. Mimi kabla ya kusaini ripoti ya mwanafunzi nampa mwanafunzi mwingine, ambaye hakuwapo kwenye jaribio, karatasi tupu na kikokotoo. Nachagua mstari mmoja wa jedwali, namwambia afike kwenye jibu kwa kutumia ripoti peke yake, haruhusiwi kumwuliza aliyeandika. Akikwama, naandika pembeni alipokwamia, ripoti inarudi kwa mwenyewe. Inachukua dakika ishirini. Sehemu wanayokwama zaidi ni vipimo vya sampuli kutokuwapo popote, na ya pili ni fomula iliyoletwa bila kusema kila herufi inasimamia nini.

Binti yule tulikaa naye mchana mzima. Pambizo imekuwa milimita 40. Jedwali la 4 sasa lina kN, lina MPa, lina desimali moja, na lina safu ya umri. Alipomaliza alirudi mwenyewe kwenye Jedwali la 6 na la 7, ambayo sikuwa nimeyagusa, akayarekebisha, akaja kunionyesha.

Orodha ninayoitumia kukagua ripoti ni ya ukurasa mmoja tu. Chuo chochote kitakachoihitaji nitakipa, na mkuu wa idara atakayeniita nitakuja kukaa na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, nikiwa na mchemraba, rula na ripoti yangu ile ya zamani iliyofunguliwa ukurasa wa 9.

Wako,
Mhandisi wa maabara ya vifaa vya ujenzi