Barua kwa mwanangu: mkanda wa miezi 18

Mwanangu Neema,

Rasimu yako nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Umeandika vizuri, na maelezo ya mapigano yenyewe sina cha kuyagusa. Lakini sentensi inayofungua sura ya pili nimeipigia mstari mwekundu: "Uchumi wa Tanzania uliporomoka kwa sababu ya Vita vya Kagera." Sentensi hiyo si yako, mama. Ni ya jukwaani. Imesemwa tangu 1979, na watu wa rika letu wakiisikia redioni bado wanazima redio. Acha nikueleze hasira hiyo imejengwa na nini, kwa sababu kwenye rasimu yako wananchi wamekuwa "wavumilivu" tu, kama mawe.

Kuna ambalo halina ubishi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, yakatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda, yakavunja daraja la Kyaka, yakaswaga ng'ombe na kupora mpaka kiwanda cha sukari. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akasema maneno ambayo hata ninyi mliozaliwa juzi mnayajua: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Kuhusu sababu na nia, sijamsikia mtu mzima mwenye akili zake akilalamika. Ugomvi uko kwenye neno la kwanza, uwezo. Uwezo wa askari ulikuwepo, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Uwezo wa mfuko ndio ambao mwananchi hakuonyeshwa hesabu zake, si kabla wala baada.

Ungeonyeshwa, ungeona hivi. Barafu iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani, na mwaka 1976 na 1977 Tanzania ikapata fedha za kigeni ambazo haikuzizoea. Mwaka 1978 vibali vya kuagiza bidhaa nje vikalegezwa, akiba ikateremka kwa kasi, na mwisho wa mwaka ilikuwa imekaribia kwisha. Yaani ghala lilikuwa limeshafagiliwa siku adui anabisha hodi. Tena mwaka uliotangulia, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, mpaka na Kenya umefungwa, na nchi ikalazimika kuanzisha shirika lake la ndege, la reli, la posta, vyote kwa pamoja, vyote kwa dola.

Juu ya hapo ndipo vita ikaja. Gharama inayotajwa siku zote ni kama dola milioni 500. Jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 likavuka 100,000 pamoja na mgambo. Malori na mabasi ya watu na mashirika yakachukuliwa kupeleka askari na chakula mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Hapa ongeza aya nzima, kwa sababu lori ni zaidi ya lori: lori lililokwenda Kyaka ni pamba isiyotoka Shinyanga na mahindi yasiyotoka Rukwa, na likirudi linarudi limechoka, linataka tairi na spea ambazo pia ni dola. Kisha bei ya mafuta duniani ikapanda zaidi ya mara mbili kati ya 1978 na 1980. Na deni la vita hakuna aliyelipokea. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia, Julai 1979, Tanzania ilikwenda ikiwa mshindi ikaishia kulaumiwa.

Kwa hiyo vita iliumiza, na iliumiza sana. Baada yake tukaambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Hesabu mwenyewe: ukianzia katikati ya 1979 unafika mwanzoni mwa 1981. Mwaka huo tangazo la kulegeza mkanda halikutoka. Ulitoka mpango wa kunusuru uchumi. Mwaka uliofuata ukatoka mwingine.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. Jambo la kwanza la kumuuliza anayesingizia vita ni tarehe: tatizo lilianza lini? Chukua korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Kabla risasi ya kwanza haijalia Kyaka, mavuno yalikuwa yameshapungua kwa karibu nusu. Katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa yamebaki kama tani 17,000. Askari wa Amin hakufika Newala, Neema. Kilichofika ni operesheni ya vijiji. Mkulima wa Mtwara na Lindi alihamishwa akaenda kuishi mbali na mikorosho yake, pori likaimeza, na mkorosho usiopaliliwa huzaa kidogo huku moto wa kiangazi ukiusubiri. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zikashika nafasi yao, zikala sehemu kubwa ya bei na kumlipa mkulima kwa kuchelewa. Ugonjwa wa ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ukamalizia. Wakati huohuo viwanda vya kubangua vilikuwa vinajengwa kwa mikopo ya nje, vingine vikakosa korosho za kubangua. Mkopo ulibaki palepale.

Jambo la pili ni mahali. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa, sawa, mtu wa Bukoba akikosa sukari tunamwelewa. Lakini kiwanda cha TPC kiko Moshi, vya Kilombero na Mtibwa viko Morogoro, mamia ya kilomita kutoka kwenye mzinga wowote. Mbona mtu wa Morogoro mjini, anayepishana na malori ya sukari, alipanga foleni ya kilo moja?

Hapa sasa ndipo nataka utumie kurasa zako, maana hapa ndipo penye nyama.

Chukua kiwanda cha sabuni, na namba nitakazokupa ni za mfano tu wa kufundishia. Sabuni inataka mafuta na kostiki, ile kemikali ya kuyageuza mafuta kuwa sabuni. Kostiki inatoka nje, kwa hiyo meneja anaomba fedha za kigeni Benki Kuu na kukaa kwenye foleni yake, maana foleni haikuwa ya akina mama peke yao. Ikipatikana, meli ije, bandari itoe, ndipo mashine ziwake kwa wiki chache. Bei hapangi yeye. Anapeleka hesabu za gharama kwa Tume ya Bei, iliyokuwa ikipanga bei za bidhaa zaidi ya elfu moja, kuanzia saruji hadi bia. Kipande kimemgharimu shilingi 10, Tume inampa faida ya asilimia 10, bei inakuwa shilingi 11. Lakini jalada limekaa miezi tisa. Miaka hiyo bei za vitu zilikuwa zikipanda kama asilimia 30 kwa mwaka, kwa hiyo siku barua ya Tume inapofika, kipande kilekile kinagharimu shilingi 12 na senti 20. Kila akiuza anapoteza shilingi moja na ishirini. Akizalisha vingi anapoteza zaidi. Meneja mwenye busara afanye nini? Anazalisha kidogo na kwenda Benki ya Taifa ya Biashara kuomba mkopo wa kuziba pengo. Benki ni ya serikali, kiwanda ni cha serikali, haiwezi kukataa. Benki ikipungukiwa, Benki Kuu inatoa noti. Noti zinaongezeka, sabuni zinapungua, na mtaani kipande kinafika shilingi 35.

Sasa toa 11 kwenye 35. Zinabaki 24. Hizo 24 zilikwenda wapi? Kiwanda hakikuzipata, kiliuza kwa 11. Hazina haikuzipata, kodi ilikatwa kwenye 11. Mfanyakazi ndiye aliyezilipa. Alizichukua mwenye kibali: aliyeandikiwa kimemo kwenda kwenye kampuni ya biashara ya mkoa kuchukua katoni kadhaa za "harusi" au za "kijiji", akazitoa kwa mlango wa nyuma. Kila bei rasmi iliyopangwa chini ya gharama ilikuwa inamtengenezea mtu fulani hizo 24. Hilo ndilo linalowafanya wazee wakunje uso. Umaskini walikuwa wameuzoea, lakini huku kutoa pesa mfukoni mwa mwenye mshahara na kumwekea mwenye kimemo, halafu kuambiwa ni gharama ya vita, hakuzoeleki.

Unga ulikuwa na ugonjwa uleule kwa njia nyingine. Shirika la Usagishaji lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Kwa mkulima wa Songea ilikuwa neema, kwa shirika ilikuwa kilomita zaidi ya 900 za kusomba gunia mpaka Dar es Salaam, kisha kuuza sembe chini ya gharama. Hasara kwa kila gunia, mkopo wa benki, noti tena. Likishindwa kumlipa mkulima kwa wakati, mkulima aliye karibu na mpaka anavusha usiku. Mjini mahindi yanapungua, yanaagizwa ya njano ya Marekani, yale ambayo watu waliyaita unga wa Yanga na kuyala kwa kununa, huku mahindi meupe ya Rukwa yakisubiri lori.

Mshahara uweke kwa ufupi, jedwali moja litatosha. Kima cha chini kilikuwa shilingi 600 mwaka 1981 na 810 mwaka 1984. Kwa mfumuko wa asilimia 30, ili mtu wa 1984 anunue alichonunua wa 1981 angehitaji zaidi ya 1,300. Na hiyo ni kama vitu vipo dukani.

Machi 1983 serikali ilikiri kwamba kuna anayekula hizo 24. Ila ikamtafuta mtu, bei iliyomzaa ikaiacha palepale. Operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine ilianza kwa kukamata watu kwanza, sheria ikaja baadaye na kurudi nyuma kuwafunika waliokwisha kukamatwa. Baraza maalumu, hakuna dhamana, hakuna wakili. Watu wengi walimpenda Sokoine kwa hilo, uandike, kwa sababu ni kweli. Maduka yalifunguliwa kwa nguvu, magunia yakatolewa mafichoni. Lakini na hili uliandike: katoni za sabuni zilitupwa vichakani usiku kwa woga, na mwezi uliofuata hakukuwa na aliyethubutu kuleta nyingine. Zikabaki kadi za duka la kaya, za kupimiwa mgao. Mwaka 1984 sheria ile ikabidi ibadilishwe, mawakili wakarudi mahakamani.

Habari ya Shirika la Fedha la Kimataifa umeijaza kurasa sita, ipunguze. Inatosha kusema kwamba Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha mwishoni mwa 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti, kwamba Januari 1980 Mwalimu aliuliza tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia, na kwamba makubaliano ya Septemba 1980 yalivunjika mapema. Swali la Mwalimu lilikuwa la haki, hata mimi ningeliuliza. Tatizo ni kwamba kukataa dawa ya jirani hakukuponyi kama na wewe huna ya kwako jikoni.

Jambo la tatu la kumuuliza anayesingizia vita: tatizo lilipopungua, ni nini kilichobadilika? Juni 1984, Cleopa Msuya akiwa waziri wa fedha, shilingi ilishushwa hadi 17 kwa dola, ruzuku ya sembe ikaondolewa, na mwenye dola zake nje akaruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Vitenge, sabuni, mitumba na pikapu vikaanza kuonekana. Deni la vita lilikuwa bado lipo. Amin alikuwa Saudi Arabia, salama. Mvua haikubadilika kwa sababu ya bajeti. Ilibadilika sera. Usiishangilie kupita kiasi, maana wenye dola nje mwaka 1984 wengi ndio haohao waliokuwa wakizikusanya zile 24, na sembe ilipopanda mwenye 810 hakuwa na pa kukimbilia. Mzee Mwinyi aliposhika nchi Novemba 1985 alikuta mlango umeshafunguliwa nusu, akaumalizia.

Kwa hiyo sura ya pili ianze na korosho, jedwali liwe mbele, si kwenye viambatisho. Vita ije ya pili, na gharama zake zote, usizipunguze hata senti. Kuhusu bei, nenda maktaba uchukue magazeti ya zamani, tafuta matangazo ya Tume ya Bei, uandike tarehe ya kila tangazo la sukari, sabuni na unga kati ya 1979 na 1984, kisha uhesabu miezi kati ya moja na lingine. Hizo nafasi tupu ndizo zitakazokuonyesha mambo. Na neno "wavumilivu" lifute popote ulipoliweka.

Mama yako anakusalimia. Anauliza kama lile koti lilikutosha.

Baba yako