Ukuta wa bustani tujijengee, lakini maji tuyape njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniuma kila mvua zinapokolea huku Nyanda za Juu Kusini. Kuta fupi za matofali tunazojenga kuzunguka bustani zetu, hasa zile zinazoshikilia udongo wa miteremko chini ya Mlima Loleza hapa Mbeya na kwenye vilima vya Gangilonga kule Iringa, huanza kuinama baada ya misimu michache, na hatimaye huanguka na mboga zake. Hapo wengi husema kuwa mwenye nyumba hakupaswa kuigusa kazi ya uashi. Mimi sikubaliani nao. Ukuta mfupi wa bustani mtu yeyote mwenye subira anaweza kuujenga mwenyewe, na zipo kuta zilizojengwa na mafundi wa kulipwa ambazo zimeanguka kwa sababu ileile, yaani maji kukosa pa kutokea.

Udongo ulio nyuma ya ukuta ukilowa huongezeka uzito, na maji yakituama humo huusukuma ukuta kutoka chini, mahali ambapo macho hayafiki. Kwa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, msukumo huo si wa kupuuzwa hata kidogo. Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: katika kozi (yaani safu ya matofali) ya kwanza iliyo juu ya ardhi, kila baada ya mita moja hivi, ulazwe ukutani kipande cha bomba kilichoinamia nje kidogo, na nyuma yake ijazwe kokoto kabla ya kurudishia udongo, ili tope lisije likaziba tundu. Nimekuwa nikizitazama kuta zilizoanguka mitaani kwetu, na mara nyingi sioni hata tundu moja.

Msingi nao unahitaji heshima yake. Udongo wetu wa volkano ni mwepesi na hudidimia kwa urahisi, kwa hiyo inafaa kuchimba mpaka kufikia ardhi iliyoshikamana, kisha kumwaga zege lenye upana usiopungua mara mbili ya unene wa ukuta. Penye mteremko, mtaro uchimbwe kwa ngazi, na kila ngazi ipimwe kwa pima maji ili iwe sawasawa, kwa sababu msingi unaofuata mteremko huteleza pamoja na ukuta wake.

Kuhusu matofali ya kuchoma, mnunuzi asikubali kupakiliwa tu. Yale yaliyokaa pembezoni mwa tanuri mara nyingi hayakuiva, na mvua huyamomonyoa. Chukua mawili uyagonganishe: lililoiva hulia kwa sauti kali, bichi hutoa mlio mzito uliokufa, na ukilikwaruza kwa ukucha hutoa vumbi. Kabla ya kujenga, yaloweshwe vizuri, kwa kuwa tofali kavu hunyonya maji ya mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, na kuiacha bila nguvu. Ndoo moja ya saruji kwa ndoo tano za mchanga safi inatosha kwa kazi hii. Viungo vya kozi ya juu visikae juu ya viungo vya kozi ya chini, timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, itumike kila baada ya kozi chache, na ukuta umwagiliwe maji kwa siku saba, maana upepo mkavu wa Agosti hukausha mota kabla haijakomaa. Ndugu zetu wa Makete wasijenge katika majira ya jalidi (umande unaoganda) ya Juni na Julai, bali wangoje baridi ipungue.

Mipaka ipo, na lazima tuiseme. Ukuta wa kushikilia udongo ukizidi nusu mita, au ukuta wa mpakani ambao ukianguka utamwangukia mtoto wa jirani, hiyo si kazi ya kujifunzia. Atafutwe fundi mwenye ujuzi, na halmashauri iulizwe kuhusu kibali. Tusisahau pia kwamba tunaishi katika Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mbeya na Iringa: viandae mafunzo mafupi ya uashi kwa wenye nyumba, siku za Jumamosi, mara tu mvua zinapokatika mwezi Mei, ili watu wawahi kujenga kabla ya Novemba. Nawe, Mhariri, ukiweza kuchapisha mchoro mmoja unaoonyesha msingi, kokoto na matundu ya maji, utakuwa umewasaidia wengi wasioweza kuhudhuria.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya