Barua kutoka Capileira

Capileira, Granada, Hispania
Mwezi wa Mei

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi wazima, alhamdulillahi. Baba Salim ana kazi Granada mjini, tukapata nafasi tukapanda Alpujarra, upande wa kusini wa milima ya Sierra Nevada. Hapa tulipo ni vijiji vitatu vilivyopandana kwenye bonde la mto Poqueira: Pampaneira chini, Bubión katikati, Capileira juu. Nyumba zimepakwa chokaa, mapaa ni bapa, yameshindiliwa udongo wa kijivu uitwao launa.

Ila nakuandikia hasa kwa ajili ya mifereji. Ungefika hapa ungedhani umesimama kwenye mfongo, ule mfereji wa Kichaga wa babu yako kule Marangu, Kilimanjaro! Wao husema acequia. Theluji inayeyuka juu kwenye mlima Mulhacén, unaozidi mita 3,400, maji yanashushwa taratibu mpaka kwenye matuta ya mashamba. Tena ipo mifereji isiyopeleka maji shambani kabisa. Msimu kama huu maji humwagwa makusudi juu mlimani, penye ardhi inayofyonza. Yanazama, yanajipenyeza chini kwa chini, kisha wiki au hata miezi baadaye yanachomoza kwenye chemchemi za vijijini, wakati jua kali limeshaukausha mto. Mlima wenyewe unawawekea akiba.

Waliochimba ni Waislamu wa zama za Al-Andalus, walipotawala huku Hispania. Wajukuu zao, Wamorisko, walilazimishwa kubatizwa, na mwaka 1568 wakaasi humu humu. Kufikia 1571 walikuwa wameshashindwa, wakahamishwa, wakaletwa walowezi kutoka Galicia na kwingineko kaskazini. Inasimuliwa kwamba kila kijiji zilibakizwa familia mbili za Wamorisko, ziwafundishe wageni kugawa maji. Familia hizo hazinitoki moyoni. Kumwelekeza mtu anayelala katika nyumba ya ndugu yako!

Siku hizi vijana wengi wamehamia mijini, na mifereji mingi imemezwa na vichaka. Lakini watu wa Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na wanakijiji na wanaojitolea, wamekuwa wakiifukua kwa majembe, na maji yanarudi kupita. Nimefurahi mno kulijua hilo.

Sasa niambie, mfongo wenu bado unasafishwa? Zamu za maji anapanga nani tangu mzee aondoke? Usinijibu kwa mkato, nieleze yote.

Wasalimie watoto na Baba Neema.

Wako akupendaye,
Mama Salim