Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Lori Hushuka Mlima Kitonga Polepole

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na umfikishie bibi shikamoo yangu. Swali uliloniuliza kwenye simu halikustahili jibu la haraka la mtu aliye safarini, ndiyo maana nimeona nilijibu kwa maandishi. Ulisema mwalimu amewafundisha kwamba kani ni msukumo au mvuto, nawe ukaongeza kwamba kani ndiyo inayokifanya kitu kiende. Kisha ukataka kujua kwa nini, basi, malori yanayoshuka Mlima Kitonga kule Iringa, ambayo yanavutwa na mteremko wenyewe bila injini kuhangaika, huenda polepole kuliko yanavyokwenda kwenye tambarare za kule Mikumi. Swali lako limegusa karibu misingi yote ya fizikia, na ningependa uielewe badala ya kuikariri.

Nianze na neno moja la kurekebisha. Kani haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda. Inahitajika ili kuubadili mwendo wake, yaani kukianzisha kilichotulia, kukiongeza kasi, kukipunguza kasi, kukipindisha au kukisimamisha. Najua utakataa, kwa sababu ukiacha kukanyaga pedali baiskeli yako hupungua mwendo mpaka ikasimama, na kila mtu duniani ameona jambo kama hilo. Hata wanafalsafa wa kale wa Ugiriki waliamini kwamba kitu kisiposukumwa husimama chenyewe. Lakini baiskeli haisimami yenyewe. Inasimamishwa na kani nyingine ambazo huzioni: msuguano ndani ya beringi na mnyororo, tairi linalobonyea na kurudi kila linapogusa ardhi, na hewa unayoipasua kwa kifua chako. Jaribu kuacha kukanyaga ukiwa kwenye lami, kisha ufanye hivyo hivyo kwenye mchanga, ukiwa umeanza na kasi ileile. Utaona kwamba kwenye mchanga hufiki mbali. Miguu yako imefanya jambo moja mara zote mbili. Kilichobadilika ni kani inayokupinga.

Mtaliano Galileo Galilei aliviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa, akafikiri kwa makini juu ya kile ambacho kingetokea kama msuguano ungeondolewa kabisa, akahitimisha kwamba mpira ulio kwenye tambarare ungeendelea kwenda bila kikomo. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza aliliandika wazo hilo kuwa sheria ya kwanza kati ya sheria zake tatu za mwendo. Leo tuna ushahidi ambao wao hawakuwa nao. Chombo kiitwacho Voyager 1 kilirushwa kutoka Marekani mwaka 1977, na hadi sasa kinakwenda mbali na jua kwa takriban kilomita 17 kila sekunde, ingawa hakuna injini inayokisukuma mbele. Jua bado linakivuta nyuma kidogo kidogo, lakini huko kilipo hakuna barabara wala hewa nzito ya kukizuia, kwa hiyo kinaendelea tu. Mwanangu, kila nikilifikiria jambo hilo napata furaha kubwa, na natamani wewe pia ulifikirie.

Tabia hiyo ya kitu kung'ang'ania hali yake, kiwe kimetulia au kinakwenda, huitwa inesha, na kadiri kitu kinavyokuwa na tungamo kubwa, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, ndivyo inavyokuwa vigumu kuibadili hali yake. Ndiyo inayokurusha mbele daladala inapofunga breki ghafla: gari limezuiwa na breki, lakini mwili wako haujazuiwa na kitu, hivyo unaendelea na mwendo uliokuwa nao. Lori lililobeba nondo likisimama kwa ghafla, nondo zisizofungwa sawasawa hazisimami nalo. Huendelea mbele, na mbele yake kuna kibanda cha dereva na utingo. Kwa hiyo nikikwambia ufunge mkanda tukiwa kwenye gari, siyo kwa kumwogopa trafiki. Mkanda ndio unaoleta kani ya kuusimamisha mwili wako, badala ya kazi hiyo kufanywa na kioo.

Sasa twende Kitonga. Tuchukue lori ambalo pamoja na mzigo wake lina tani 50. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa magari makubwa kabisa, kwa hiyo mfano wangu ni wa kawaida. Kani hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni moja ni karibu sawa na uzito wa limau moja ulilolishika kiganjani. Dunia inalivuta lori letu kuelekea chini kwa takriban nyutoni 490,000. Kwenye tambarare, mvuto huo wote unapokelewa na barabara, ambayo nayo hulisukuma lori juu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hauliongezei mwendo. Kwenye mteremko, sehemu ya mvuto huo hugeuka kuwa kani inayolisukuma lori kufuata barabara. Kama njia inashuka mita 8 kwa kila mita 100, sehemu hiyo ni karibu nyutoni 39,000, nayo haipumziki hata sekunde moja. Dereva akichoka haichoki. Isipopingwa, lori huongeza kasi, na kila sekunde inayopita hulikuta likienda kasi zaidi kuliko sekunde iliyotangulia.

Hapo ndipo tunapohitaji jambo la pili, ambalo ni nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi. Nishati hupimwa kwa jouli. Ukisukuma kitu kwa kani ya nyutoni moja, kikasogea mita moja kuufuata msukumo wako, umefanya kazi ya jouli moja. Kanuni kubwa ya nishati, ambayo hakuna jaribio lolote lililowahi kuikuta imevunjwa, ni kwamba haitengenezwi wala haipotei. Hubadilika umbo tu. Ukikielewa kifungu hicho kikamilifu, utaielewa Kitonga.

Ili lori la tani 50 liinuliwe mita 100 kwenda juu, hesabu inadai jouli milioni 49. Lita moja ya dizeli ina jouli milioni 36 hivi, lakini injini nzuri hugeuza karibu asilimia 40 tu ya nishati hiyo kuwa mwendo, na iliyobaki hutoka kama joto kwenye rejeta na kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo kila mita 100 za kupanda hula zaidi ya lita tatu za dizeli kwa ajili ya kuinua tu, mbali na ile inayoliwa na msuguano. Lori linapofika juu, dizeli imekwisha kuungua lakini jouli zile milioni 49 hazijapotea. Zimo katika urefu ambao lori limepata, na wanasayansi huziita nishati tuli. Hakuna atakayeziona kwa macho. Lori limeegeshwa, utingo anakunywa chai, na nishati yote ipo palepale.

Siku lori linaposhuka, nishati hiyo lazima iende mahali fulani. Dereva asipofanya lolote itageuka kuwa nishati mwendo, maana yake lori litakimbia hadi lishindwe kufuata kona. Dereva akikanyaga breki, breki shuu, yaani vipande vya kusugua, hujibana kwenye dramu za chuma zinazozunguka pamoja na magurudumu, na msuguano huigeuza nishati ile kuwa joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu uone jinsi msuguano unavyotoa joto, kisha uifikirie hesabu hii: kwa kila mita 100 ambazo lori letu linashuka, joto linalozalishwa lingeweza kuchemsha maji ya ndoo saba za lita 20, kutoka ubaridi wa kawaida hadi yatokote. Na mlima haushuki mita 100 tu. Joto lote hilo likimwagwa kwenye dramu, chuma hupanuka na kuachana na breki shuu, na zenyewe zikipata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Kwanza unasikia harufu, kisha unaona moshi, na baada ya hapo dereva anakanyaga bila kupata kitu. Ajali nyingi za malori kwenye miteremko, Kitonga na hata Iwambi kule Mbeya, hutokea kwa namna hiyo, na watu husema breki zilifeli kana kwamba ni bahati mbaya, wakati fizikia yake inajulikana kabla lori halijaanza kushuka.

Dereva anayejua kazi yake hufanya uamuzi akiwa bado juu. Anaingiza gia ya chini, kwa kawaida isiyozidi ile ambayo angeitumia kuupanda mlima huohuo, kisha anaondoa mguu kwenye mafuta. Sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini badala ya injini kuyazungusha magurudumu, na injini, ambayo inalazimika kubana hewa ndani ya silinda zake bila kuunguza dizeli, hulivuta lori nyuma. Joto linatoka kupitia rejeta na bomba la moshi, sehemu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na breki zinabaki baridi zikisubiri dharura. Dereva anayeweka gia frii kwenye mteremko ili aokoe mafuta ameikata injini isimsaidie, na mzigo wote ameuachia breki peke yake. Sioni kosa la barabarani linalonisikitisha kuliko hilo, kwa sababu linafanywa kwa ajili ya lita chache.

Lakini hujauliza tu kwa nini wanatumia gia ndogo. Umeuliza kwa nini polepole. Nishati mwendo hupatikana kwa kuchukua nusu ya tungamo, ukazidisha kwa mwendokasi, kisha ukazidisha kwa mwendokasi tena. Angalia vizuri hapo: mwendokasi umeingia mara mbili. Kwa hiyo ukiongeza mwendokasi mara mbili, nishati haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Lori letu likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa lina jouli milioni 3 hivi. Likiwa kwenye 80, ambayo ndiyo kikomo cha malori nchini Tanzania, lina zaidi ya milioni 12. Kulisimamisha lori hilo kutoka 80 ni sawa na kuizuia nishati ambayo lingeipata kama lingeangushwa kutoka urefu wa mita 25, yaani jengo la ghorofa nane hivi. Isitoshe, lori linaloshuka polepole huchukua muda mrefu zaidi, na katika muda huo hewa hupata nafasi ya kuliondoa joto. Jumla ya nishati ya mlima haibadiliki, lakini inatoka kwa kiasi ambacho vyuma vinaweza kukistahimili.

Uliuliza pia kama lori lenye mzigo hushuka kwa kasi kuliko lililo tupu. Watu wengi hudhani hivyo, na ukweli ni mzuri kuliko dhana hiyo. Dunia hulivuta zaidi lori zito, lakini lori zito nalo ni gumu zaidi kubadilishwa mwendo, na mambo hayo mawili hufutana kabisa. Kama hakuna kinachoyazuia, yote mawili yangeongeza kasi sawasawa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa msafara wa Apollo 15 alisimama mwezini, mahali pasipo na hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, vikagusa ardhi pamoja. Tofauti ya malori yetu iko kwenye kusimama: lori lenye mzigo lina nishati mara nyingi zaidi ya kuondolewa, na breki zake ni zilezile.

Unaweza kujiuliza nani aliyegundua kwamba joto na mwendo ni nishati moja. Mwenye sifa kubwa ni James Joule, aliyezaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1818, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha bia. Katika miaka ya 1840 alifunga mizigo kwenye kamba, ikawa inashuka taratibu huku ikizungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, naye akapima kwa kipimajoto makini jinsi maji yalivyopata joto kidogo sana. Alichokipima ndicho kinachotokea kwenye dramu za lori letu: kitu kizito kinashuka, joto linazaliwa. Jina lake ndilo tunalolitumia kupimia nishati.

Joto la breki likishaenda hewani haliwezi kurudishwa likawa dizeli, ingawa bado lipo limetawanyika. Magari na treni nyingi za umeme zina njia bora. Zinapopunguza mwendo, mota yake huzungushwa na magurudumu ikawa jenereta, na sehemu ya nishati mwendo ikarudi kuwa umeme wa kutumika tena. Nadhani utakapokuwa mtu mzima malori mengi yatashuka milima kwa namna hiyo.

Sasa nakupa hesabu. Wewe na baiskeli yako kwa pamoja mchukulie kuwa mna kilo 48, nawe unakwenda mita 5 kwa sekunde. Tafuta nishati mwendo yenu kwa kanuni niliyokuandikia. Ukipata jouli 600 umepatia. Kisha utafute nishati hiyo mnapoteremka kwa mita 10 kwa sekunde kwenye mteremko wa kwenda kisimani, na uniambie breki zako zitakuwa na kazi kubwa mara ngapi zaidi. Jibu la pili sikupi. Niandikie, na uonyeshe njia uliyoitumia.

Ni mimi baba yako, nikupendaye.