Peni 3 za Chai: Barua kwa Baba kutoka Boston

Boston, Massachusetts

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama na wadogo zangu wote mkiwa wazima wa afya. Mimi huku sijambo na kazi inaendelea vizuri. Tulipozungumza kwa simu wiki iliyopita uliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: inakuwaje watu wa makoloni ya Uingereza huku Amerika wafikie kupigana na mfalme wao kwa sababu ya ushuru wa peni 3 kwa ratili ya chai, tena chai yenyewe ikiwa imeshushwa bei? Nimesoma, nimetembea mjini, na sasa naona kwamba jibu haliko katika kiasi cha fedha, bali katika mkono uliokuwa ukizipokea.

Kila asubuhi nikienda kazini napita mbele ya Old South Meeting House, jengo la matofali lililokuwa la ibada, ambamo watu wapatao 5,000 walikusanyika tarehe 16 Desemba 1773. Meli ya Dartmouth ilikuwa imetia nanga tangu tarehe 28 Novemba, na sheria ya forodha ilitaka ushuru wa shehena yake ulipwe ndani ya siku 20, la sivyo ikamatwe. Wananchi walitaka chai irudishwe London bila kushushwa, naye Gavana Thomas Hutchinson akakataa katakata kutoa kibali cha meli kuondoka. Usiku huo makasha 342 kutoka meli tatu yalipasuliwa na chai yote ikamwagwa bandarini.

Ili uelewe hasira hiyo, ni lazima turudi nyuma miaka kumi. Vita vya Miaka Saba, kati ya Uingereza na Ufaransa, vilipokwisha mwaka 1763, Uingereza ilibaki na deni lililokaribia kuwa maradufu ya lile la awali, na Bunge la London likaona ni haki makoloni ya Amerika yachangie gharama za majeshi yaliyobaki huko. Mwaka 1765 ikapitishwa Sheria ya Stempu, iliyotoza kodi magazeti, hati za mahakamani, leseni, hata karata na dado. Kodi hiyo ilidaiwa kwa fedha ya Kiingereza, ambayo ilikuwa adimu katika makoloni, na mshtakiwa angeweza kupelekwa katika mahakama za kibahari, ambako jaji huamua peke yake bila jopo la raia. Hapo ndipo uliposikika mwito kwamba watu wasitozwe kodi na Bunge wasilo na mwakilishi ndani yake.

Watetezi wa Bunge walijibu kwamba hata mji wa Manchester haukuwa na mbunge wake, na bado ulihesabika kuwa umewakilishwa. Jibu hilo, Baba, naliona dhaifu sana. Mbunge anayepandisha kodi ya Manchester anajipandishia na yeye mwenyewe, pamoja na jirani zake. Lakini anayeitoza Boston anajipunguzia mzigo wake mwenyewe kwa kuwatwika watu ambao hatawaona maishani, na ambao hawawezi kumnyima kura. Umbali nao ulikuwa sehemu ya dhuluma. Sheria hiyo ilifutwa tarehe 18 Machi 1766, na habari zikafika Boston tarehe 16 Mei, ambapo watu walipiga kengele na kuwasha taa madirishani. Lakini siku ile ile ya kuifuta, Bunge lilikuwa limepitisha sheria nyingine, iliyotangaza kwamba lina mamlaka ya kuyafunga makoloni kwa sheria katika mambo yote bila kubakiza.

Sasa nafika kwenye kiini cha swali lako. Huku Massachusetts, mshahara wa gavana ulikuwa ukiidhinishwa na baraza la wawakilishi waliochaguliwa na wananchi. Gavana aliteuliwa na mfalme, ni kweli, lakini mkate wake ulitoka kwa watu aliowatawala, na kwa hiyo hakuweza kuwapuuza mwaka mzima. Sheria za Charles Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza, za mwaka 1767, zilizoweka ushuru kwenye kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, zilisema wazi kwamba mapato yake yangeweza kutumika kugharimia mahakama na utawala wa makoloni. Wananchi wakasusia bidhaa hizo, na wanawake wakasokota nyuzi nyumbani ili wasinunue nguo za Uingereza. Mwaka 1770 ushuru wote ukaondolewa, isipokuwa wa chai. Kisha, mwaka 1772, ikajulikana kwamba gavana, na baada yake majaji wa mahakama kuu, watalipwa na mfalme kutokana na mapato ya forodha.

Fikiria maana yake, Baba. Kila mtu aliyenunua chai iliyotozwa ushuru alikuwa akichangia kumweka huru gavana asimwogope tena mwananchi, na kumfanya jaji amtegemee mfalme kwa mshahara na kwa cheo pia. Ndiyo maana mkutano wa mji wa Boston uliunda Kamati ya Mawasiliano mwezi Novemba 1772, ili kuandikiana barua na miji mingine, mwaka mzima kabla ya chai kumwagwa. Na ndiyo maana Sheria ya Chai ya mwaka 1773, iliyoipa Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya biashara ya Uingereza, nafuu ya kuuza kwa bei ya chini, iliwatia hofu badala ya kuwafurahisha: walinyweshwa mamlaka pamoja na chai.

Sikufichi kwamba mambo mengine waliyoyafanya yalikuwa mabaya. Mwezi Agosti 1765 kundi la watu lilivunja nyumba ya Hutchinson na kupora vilivyomo, na hilo siwezi kulitetea. Lakini adhabu ambayo Bunge la London liliitoa mwaka 1774 ilimpiga mwenye hatia na asiye na hatia: bandari ikafungwa kuanzia tarehe 1 Juni mpaka chai ilipwe, na mikutano ya miji, iliyokuwa shule yao ya kujitawala, ikaruhusiwa mara moja tu kwa mwaka bila idhini ya gavana. Makoloni mengine yakaipelekea Boston chakula, na mwezi Septemba wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia. Tarehe 19 Aprili 1775 risasi zikalia Lexington, karibu na Boston, na vita vikaanza.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni kuliko yote hayo. Mwezi Aprili 1773, miezi minane kabla ya chai kumwagwa, watumwa wanne wa hapa Boston, Peter Bestes, Sambo Freeman, Felix Holbrook na Chester Joie, waliwaandikia wawakilishi wa koloni hili barua. Walisema wanatarajia makubwa kutoka kwa watu waliosimama imara namna hiyo dhidi ya wenzao waliotaka kuwafanya watumwa. Waliichukua hoja ya wakubwa wao kama ilivyo na kuiweka mezani mbele yao. Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika, alikuwa tayari ameuawa kwa risasi za askari wa Uingereza tarehe 5 Machi 1770, na amezikwa katikati ya mji pamoja na wenzake wanne. Nimesimama mara nyingi kwenye kaburi hilo. Hata hivyo wawakilishi hawakupitisha sheria ya kuwaweka huru watumwa. Ilibidi baadhi yao waende mahakamani kudai uhuru wao miaka kadhaa baadaye, na habari za kesi hizo nitakuandikia katika barua ijayo, kwa sababu zinastahili nafasi yake.

Nisalimie Mama na wadogo zangu.

Mwanao akupendaye.